Kiti cha Kuning'inia cha Arlette

Ukiuliza nyumba ya Mama Arlette kule Kasongo, upande wa kushukia mtoni, hakuna atakayekuelekeza kwa bati wala kwa mlango. Watakuambia utembee mpaka uone nguzo za chuma nyuma ya nyumba, kila moja imenyoosha mkono hewani, na mkono haushiki kitu. Wageni hudhani ni nguzo za umeme ambazo hazikupata waya. Wenyeji hawawasahihishi, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na mwisho wake hauwafurahishi.

Mama Arlette jina lake ni Léontine. Ni mtu wa hapo hapo. Wazazi wake walilima mpunga na muhogo, naye akasoma mpaka darasa la sita, akaacha, akaolewa na Blaise, fundi wa kuchomelea vyuma. Blaise alitoka Wamaza, ndani ya Kabambare, katika ukoo ambao Wakristo na Waislamu wanakula sahani moja. Alikuja Kasongo kufuata kazi. Alitengeneza milango, madirisha, na vyuma vya kubebea mizigo nyuma ya pikipiki. Maneno yake yalikuwa machache. Akikupenda, alikutengenezea kitu. Léontine alipojifungua mara ya kwanza, Blaise hakuleta kikwembe, kitenge cha kujifunga, wala sabuni. Alileta jiko la chuma lenye miguu mirefu, ili mke wake asiiname akipika na mwili bado unamuuma.

Huyo wa kwanza ndiye Arlette. Alitembea mapema, akakimbia mapema. Kisha homa ikamshika, akapigwa sindano ya tako, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Mguu mmoja ulikonda ukabaki mfupa na ngozi. Ule mwingine ulimsimamisha akishika ukuta, basi. Léontine akarudi kumbeba mgongoni, akaendelea kumbeba mpaka umri ambao watoto wengine huwabeba wadogo zao. Sokoni watu walisema wakifikiri mtoto hasikii:

"Mutoto mukubwa vile, na mama yake iko anamubeba tu."

Arlette alisikia. Aliweka shavu kwenye mgongo wa mama yake akanong'ona, "Mama, nikikuwa muzito uniambie."

"Hauko muzito."

"Unanidanganya."

"Kidogo tu," Léontine alisema, na mtoto akacheka, kwa sababu alipenda kuambiwa ukweli hata ukiwa mdogo.

Siku moja, Jumapili, baada ya misa, mtu mmoja aliyetaka mlango alimwonyesha Blaise video kwenye telefone yake. Blaise akaomba aiweke kwenye yake, akaja nayo nyumbani, akakaa karibu na Arlette kwenye mkeka. Ilikuwa treni ya kujifurahisha, lakini treni iliyogeuzwa. Reli ilikuwa juu, imeshikwa na nguzo kubwa, na mabehewa yalikuwa yanakimbia chini yake, yamening'inia kama popo. Watu walikaa wanne wanne kwenye viti, wamefungwa mabega, hakuna ubao chini ya miguu yao. Treni ikapandishwa polepole mpaka kileleni, ikasimama kidogo kama mtu anayefikiri, ikajitupa. Ilizunguka, ikalala ubavu, ikapinduka miguu juu kichwa chini, na watu wakapiga makelele.

"Wazungu wanapenda kuteseka," Léontine alisema.

Arlette hakucheka. "Papa, rudisha."

Blaise akarudisha.

"Rudisha tena."

Alipoona mara kadhaa akaweka kidole kwenye kioo, pale miguu ilipokuwa. "Wale wote iko kama miye."

"Kama weye namna gani?" Blaise akauliza.

"Miguu yao inaning'inia. Hakuna hata mumoja mwenye anakanyaga."

Blaise alizima telefone. Jioni hiyo hakula vizuri. Léontine alimwona amesimama nyuma ya nyumba akitazama mteremko unaoshuka kuelekea shamba la muhogo, mikono kiunoni, jinsi alivyozoea kusimama mbele ya nyumba ya mtu kabla ya kusema mlango utakuwa wa namna gani.

Kuanzia hapo, kila kazi aliyofanya ilibakiza kipande cha chuma cha kurudi nacho nyumbani. Aliyekosa kumlipa alimpa tiyo, bomba kuukuu. Aliyekuwa na pikipiki iliyokufa alimpa magurudumu madogo ya ndani ya mashine, yale ya chuma yenye gololi. Alichimba mashimo kwenye mteremko, akasimamisha nguzo, akazifunga kwa simenti. Juu ya kila nguzo akachomelea mkono, na chini ya mikono akaning'iniza tiyo mbili zinazokwenda pamoja, zimeshikana kwa vyuma vifupi. Zilianzia juu karibu na jikoni, zikashuka, zikazunguka kichuguu kikubwa, zikapanda kidogo, zikaishia mwanzo wa shamba.

Jirani yao, Mama Pacifique, alikuwa mtu wa kusimama kwenye uzio.

"Mama Arlette, bwana yako anajenga nyumba ya ndege?"

"Anajenga kiti."

"Kiti juu vile? Ni Mungu mwenye atakaa?"

"Akikuya, tutamukaribisha," Léontine alijibu, na Mama Pacifique akaenda kuyasimulia mtoni.

Kosa la kwanza la Blaise lilikuwa la mnyororo. Alining'iniza kiti kwa minyororo miwili, kama bembea, akaweka ndani gunia la muhogo akalisukuma. Lilishuka vizuri, lakini kwenye kichuguu lilitupwa nje kama jiwe la manati, likapiga nguzo, muhogo ukamwagika mteremko mzima. Blaise alikaa chini akatazama video yake tena. Kesho yake alimwita Léontine.

"Angalia. Kiti yao haiyumbe. Imeshikwa na chuma, haina ruhusa ya kuyumba. Ni njia ndiyo inalala, na kiti inalala pamoja nayo."

Akaondoa minyororo, akaweka mkono mmoja mgumu wa chuma. Akavunja reli pale kwenye kona akaichomelea upya, imelazwa ubavu. Na magurudumu, ambayo kwanza yalikuwa juu ya tiyo tu, akayaongeza. Alimweleza mke wake kwa vidole: haya ya juu yanabeba, haya ya kando yanaongoza, haya ya chini yanazuia kiti kisiruke kikiwa na mbio. Chuma kilishikwa pande zote, kama mkono unavyoshika mchi. Gunia lilishuka, likalala kwenye kona, likainuka, likafika. Hakuna muhogo hata mmoja uliodondoka.

"Sasa ni mutu," Blaise alisema.

"Mutu gani?"

Blaise akamtazama.

Léontine alipanda kwa hasira, ili amalize. Alimfungua mgongoni mdogo wake Arlette, bado mchanga, akamlaza kwenye mkeka karibu na dada yake. Kiti kilikuwa kidogo kwa nyonga zake, kimetengenezwa kwa mwili mwingine. Blaise akamfunga mkanda uliotoka kwenye gari fulani bovu, akavuta mara mbili, akamwachia.

Kitu cha kwanza alichokisikia ni kwamba sauti ilikuwa mahali pasipo pake. Maisha yake yote, chombo kikitembea, mlio wake unatoka chini. Hiki kililia juu ya kichwa chake, chini kukawa kimya, na katika kimya hicho udongo ukaanza kukimbia. Aliona nyasi zikipita chini ya nyayo zake bila kuzigusa. Tumbo likabaki nyuma karibu na jikoni. Upepo ukaingia ndani ya kikwembe, sandale moja ikatoka ikaenda zake. Kwenye kichuguu alilazwa ubavu, akawa hana juu wala chini, akaona miguu yake mwenyewe imeinuka mbele ya macho yake na mawingu nyuma yake. Akajaribu kukanyaga. Miguu ilitafuta udongo, haikupata, ikaacha kutafuta. Kisha mpando mdogo wa mwisho wa reli ukampunguzia mbio, na Blaise, aliyekuwa ameshuka mbio kwa njia ya mkato, akampokea kwa mikono miwili magotini.

Alitaka kumtukana. Alifungua mdomo, akakuta analia.

"Umeumia?" Blaise akauliza.

"Apana."

"Basi?"

"Kule juu miguu haina kazi," Léontine alisema.

Blaise alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa vizuri kitu alichokiandika mwenyewe.

Arlette alitaka kupanda saa hiyo hiyo. Baba yake akakataa. Hakukuwa na freni, breki za kukisimamisha kiti. Mwishoni mwa reli kiti kilihitaji mtu wa kukipokea, na Blaise hakutaka mtoto wake aishie kwenye mikono ya mtu, maana mtu anaweza kupiga chafya, anaweza kutazama pembeni. Alitaka springi kubwa, ngumu, za mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Zile zinapatikana Salamabila, kwenye machimbo.

"Nitaenda, nitarudi, utapanda," alimwambia Arlette. "Weye wa kwanza. Hata mama yako, ile ilikuwa ya kujaribu tu."

"Gunia nayo?"

"Gunia haihesabiwe."

Akaondoka kwa pikipiki ya kukodi, amekaa nyuma ya dereva, mfuko wa vyombo vyake mapajani. Springi alizipata. Njiani kurudi, kwenye daraja la miti lenye kulowana, pikipiki iliteleza. Dereva aliruka. Blaise alikuwa ameukumbatia mfuko wenye chuma na hakuuachia, akaingia nao majini. Waliomtoa walisema mikono ilikuwa bado imefunga. Mfuko ulikuwa umechanika, springi zilibaki mtoni, hakuna aliyezitafuta.

Kilio kilikuwa kikubwa, kwa sababu nusu ya milango ya kartiye, ule mtaa wao, ilitoka mikononi mwake. Arlette alilazwa karibu na mama yake kwenye mkeka wa wafiwa. Hakuuliza kuhusu kiti. Hilo ndilo lililomtisha Léontine. Mtoto aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama chuma kimekauka rangi, sasa alikaa mgongo kwa mteremko, akitazama ukuta. Léontine hakuwa na uwezo wa kumrudishia baba. Lakini kiti kilikuwepo. Alijiambia: matanga yakiisha, nitamtafuta fundi wa freni, na mtoto atapanda kile alichotengenezewa na baba yake. Kitu hicho kimoja ndicho alichokishika.

Matanga yakaisha, na watu wa Wamaza wakaja.

Léontine aliwajua vizuri, hawakuwa watu wabaya. Mbele yao alikuwa Muzee Atumani, baba mkubwa wa Blaise, aliyemlea tangu utoto na ambaye alilia kaburini mpaka akashikwa na wawili. Pamoja naye alikuwa Kamaldine, mdogo wake Blaise, na vijana wa kusukuma baiskeli. Ukoo wao ulikuwa na desturi yake, na Léontine aliijua tangu siku ya kuolewa. Mume akifa, kitu kilichosimama ndani ya udongo kinabaki kwa mayatima: nyumba, choo, shamba. Kitu kinachobebeka kinarudi ukooni. Kwa hiyo hakusema neno walipotoa mashine ya kuchomelea. Hakusema neno walipotoa kitanda na redio. Jiko la miguu mirefu Kamaldine alilisukumia mwenyewe nyuma ya mlango kwa mguu, wakajifanya hawakuliona.

Kisha Muzee Atumani akazunguka nyuma ya nyumba.

Alitembea kutoka nguzo hadi nguzo, akiigonga kila moja kwa kiganja. "Ndiyo ile kitu walikuwa wanatuambia," alisema. "Blaise alikuwa na mukono." Akainama akatazama simenti. "Imefungwa chini."

"Ndiyo, baba," Léontine alisema.

"Basi ni ya mayatima. Kitu yenye kusimama mu udongo hatuguse."

Léontine alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya kwanza nzuri baada ya wiki nyingi. Arlette, aliyekuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akageuza uso kuangalia mteremko.

Muzee Atumani akainua macho. "Na ile yenye kuwa chini ya mikono?"

"Ni reli, baba. Na kiti ya mutoto. Ni kitu moja na nguzo."

"Imesimama wapi?"

Léontine hakuelewa haraka.

"Nakuuliza, mukwe wangu. Nguzo imesimama, naona. Ile reli miguu yake iko wapi?"

"Haina miguu."

"Imening'inia."

"Imening'inia, baba."

"Na nguo yenye kuning'inia ku kamba, mutu akifa, tunaiacha juu ya kamba imefungwa ku muti?"

Vijana walitazama chini.

"Baba, hii si nguo," Léontine alisema. "Mukiitoa, nguzo zinabaki bure. Na ni mutoto wake mwenyewe mwenye alimutengenezea. Angalia miguu yake."

"Nimeangalia," mzee alisema, na sauti yake haikuwa ngumu. "Unafikiri sikuangalia? Lakini nikiacha hii, mujane wa kesho atasema kitanda nayo ilining'inia, na atasema ni Atumani mwenye alikubali. Miye nilikuta desturi, sikuitengeneza. Ile chuma itauzwa, watoto wa ndugu ya Blaise watasoma."

Léontine alisimama pale, mtoto mchanga mgongoni, na fikira moja ikamjia ikakaa. Kama Blaise angetengeneza kama treni zote za dunia, reli chini, kiti juu yake, ingekuwa imesimama ndani ya udongo na hakuna ambaye angeigusa. Aliigeuza kwa ajili ya miguu ya Arlette. Na kwa kuigeuza tu, ilikuwa inaondoka.

Kamaldine alikuwa tayari ameshika ufunguo wa kufungulia bulo, bolti zilizoshika reli kwenye nguzo.

"Muniachie kitu moja," Léontine alisema. "Mutoto hajapanda hata siku moja. Apande, kisha mufungue."

"Freni hakuna, shemeji," Kamaldine alisema. Blaise alikuwa amemwambia, kumbe, kwa simu.

"Nitamupokea miye."

Muzee Atumani alitazama mtoni. "Mara moja," alisema.

Kamaldine alimwinua Arlette kutoka kwenye kinu. Kiti kilimwingia sawasawa, mgongo kwenye mgongo, bega kwenye bega, kama kalamu inavyoingia kifuniko chake. Alimfunga mkanda, akavuta mara mbili, jinsi kaka yake alivyokuwa akivuta vitu. Léontine alishuka mpaka mwisho wa reli, akampa kijana mmoja mtoto mchanga, akasimama miguu imepanuka, mikono mbele.

Alisikia magurudumu kwanza. Kisha akamwona. Arlette alishuka bila sauti, mdomo umefungwa, macho wazi kabisa. Ile miguu, ule mwembamba na ule mwingine, iliruka mbele yake pamoja, imelingana. Upepo haukujua upi mzima. Kwenye kichuguu reli ikamlaza, mtoto akalala nayo bila kupigana, kichwa kimeegemea chuma, na nywele zake zikapita karibu na nyasi. Kisha akainuka upande wa pili. Akafungua mikono. Ule mpando mdogo wa reli ukampunguzia mbio, akaja, na Léontine akampokea magotini pale pale alipopokelewa yeye. Kishindo kilimrudisha hatua nyuma, lakini hakuanguka.

Arlette alikuwa anahema. Jasho dogo lilikuwa juu ya mdomo wake.

"Tena," alisema.

Léontine akatazama juu ya mteremko. Muzee Atumani alikuwa ameshageuza mgongo na kushika ukuta wa jiko kwa mkono mmoja. Hata Mama Pacifique, kwenye uzio wake, alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kikwembe.

"Mama. Tena mara moja tu."

"Walisema moja, mama yangu," Léontine alimwambia.

Arlette hakulia. Aliachia mkanda mwenyewe. Léontine akamtoa, akamkalisha kwenye nyasi, na juu ya vichwa vyao ufunguo ukaanza kugeuka. Bulo ziligoma. Blaise alikaza vitu vyake. Kamaldine alitumia jua lote la mchana kufungua, na kila tiyo iliposhuka vijana waliipokea mabegani polepole, kama wanavyopokea mtu.

Walipomaliza kufunga mizigo kwenye baiskeli, Kamaldine alibaki na kiti mkononi. Akaangalia kama baba yake mkubwa yuko mbali. Akakileta mpaka mbele ya Arlette, akakiweka juu ya nyasi, akakigeuza kikae vizuri.

"Shemeji, hii iache," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamuambia muzee ilianguka njiani."

Arlette alikitazama kiti. Aliweka mkono juu ya chuma chake, pale rangi ilipokuwa bado nzuri, akautoa.

"Baba mudogo, muibebe nayo."

"Sababu ya nini? Ni yako. Papa yako alikutengenezea."

"Huku chini ni kiti tu," Arlette alisema.

Kamaldine akakichukua, akakifunga juu ya mzigo wa baiskeli ya mwisho. Hakupata namna nyingine ya kukifunga ila kikitazama nyuma. Baiskeli zikapandishwa barabarani, zikaelekea upande wa Kabambare, na kiti kikaenda kinawatazama, kitupu, mkanda unapigapiga pembeni. Léontine akataka kumgeuza mtoto asione.

"Niache, mama," Arlette alisema, na mama yake akamwacha atazame.